Barua ya wazi kwa wanangu mnaoacha nyumba za kupanga na kwenda kwenu

Marahaba, wanangu. Na hongereni.

Nawaandikia nyinyi mnaotoka Tandika, Buguruni, Magomeni na Sinza, mlikobanana chumba na sebule na watoto watatu, kwenda Chanika, Kivule, Goba au huko Kibaha kwenye nyumba mliyoinyanyua kidogo kidogo kila mshahara ulipotoka. Mimi nimekuwa mjumbe huku Temeke, Dar es Salaam, kwa muda mrefu. Mpangaji akiingia analetwa kwangu, akitoka anakuja kuaga, au haji, nakuja kusikia dukani kwa Mangi kwamba kaondoka usiku na deni la unga na sabuni. Kwa hiyo nimeona watu wengi wakihama, na wengine nimewaona wakirudi kutafuta chumba muda si mrefu baada ya kuaga.

Wanaorudi wana kitu kimoja kinachowafananisha: tarehe yao ya kuhama ilipangwa na mwenye nyumba wa huku, haikupangwa na nyumba ya kule. Kodi inaisha tarehe 30. Mwenye nyumba anataka miezi 6 nyingine mkononi. Baba anapiga hesabu: laki mbili mara sita, milioni moja na laki mbili, si bora nikaweke madirisha? Basi anatangaza tunahamia hivyohivyo, tutamalizia tukiwa ndani.

Simlaumu. Anayesubiri vigae, jipsamu na rangi ndipo ahame atahamia akiwa babu. Sakafu ya saruji haijamuua mtu. Lakini kuna mambo manne hayamaliziwi mkiwa ndani: choo chenye shimo lake na mlango wake, maji, milango na madirisha yanayofungika kwa ndani, na paa lisilovuja. Likikosekana moja, msihame. Choo hasa. Nyinyi vijana mtavumilia kwenda kuomba kwa jirani msiyemjua, ila mama mkwe mwenye miguu inayouma hawezi kuvuka uwanja saa nane za usiku na tochi ya simu.

Kama kodi inaisha na nyumba bado, mwendeeni mwenye nyumba mapema, miezi miwili kabla, mmwombe mlipe mwezi mmoja mmoja mpaka mtoke. Akiombwa mapema na kwa adabu, wengi hukubali, maana naye anapata muda wa kutafuta mtu mwingine. Akiambiwa siku ya mwisho anaona mnamchezea. Na mkataba wenu usomeni. Mara nyingi umeandikwa notisi ni muda gani, na nani anapaka rangi mkitoka.

Mkiweza kuchagua mwezi, chagueni Juni. Masika yameisha, watoto wako likizo, jua si kali. Anayehama Aprili kwenda Msongola au ndani ndani ya Chanika na asiniambie nilimficha: barabara za huko ni udongo, Fuso likizama na kabati lenu juu, mtalala njiani mkililinda.

Halafu fanyeni jambo ambalo watu hucheka nikiwaambia. Kabla ya kuhama, nendeni mkalale kule usiku mmoja, baba na mama tu, na godoro na chandarua. Nendeni siku ya kazi, si Jumamosi. Mtajua maji yanatoka saa ngapi na kwa nguvu gani, au kama hayatoki, boza linauza bei gani na kama linafika mpaka kwenye simtanki lenu. Mtajua baa ya jirani inazima muziki saa ngapi. Mtajua mbu. Asubuhi amkeni mwende kazini kutokea hukohuko, mhesabu: bodaboda mpaka lami kiasi gani, daladala kiasi gani, mmefika saa ngapi. Nauli ya bodaboda ya watu wawili, kwenda na kurudi, mwezi mzima, wengine imewafikia nusu ya ile kodi waliyoikimbia. Si sababu ya kutohama. Ila ni pesa ya kuipangia, isije ikawashtua.

Siku hiyohiyo angalieni LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa humo. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda kuwa 1,500. Mita ikikaa miezi mingi bila kununuliwa umeme, hiyo kodi inajikusanya, na siku mtakayonunua kwa mara ya kwanza inakatwa yote kwa pamoja. Unaweka elfu kumi unaona uniti chache, unadhani umeibiwa. Nunueni mapema, deni liishe, namba zikubali, taa ziwake, ndipo mje kufunga mizigo.

Sasa gari. Hapa ndipo watu wanapogombana mpaka wananiita mimi niamue. Kirikuu inatosha chumba kimoja. Chumba na sebule tafuta Canter, na msidanganyane kwamba kirikuu itapiga tripu mbili kutoka Temeke mpaka Goba. Kwenye foleni ile tripu ya pili itafika usiku, na kushusha usiku ndiko kunakopoteza vitu. Mkikubaliana bei, mseme yote kwa mdomo na kwa meseji: gari linafika mlangoni au linaishia kwenye lami? Vijana wa kupakia ni wa dereva au wenu? Wanaopakia huku ndio watakaoshusha kule? Maana dereva akishafika kwenye kona ya mchanga atazima injini, atashuka, atatazama matairi, atasema, "Mama, hapa hukuniambia." Na mzigo wote uko juu ya gari lake. Hapo hakuna bei, kuna huruma. Mpelekeni akaione njia, au mpigieni video ya njia nzima kuanzia lami. Ni dakika tano za bodaboda.

Kufunga mizigo nyinyi mnajua, sitawafundisha. Vyombo vya udongo vizungushieni kanga na mashuka, maboksi ombeni kwa Mangi mapema kabla hajayachoma. Andikeni ubavuni mwa boksi chumba linakokwenda, si kilichomo tu. Nati za kitanda zitieni kwenye mfuko mdogo na mfuko ufungwe kwenye mbao ya kitanda chenyewe. Mtungi wa gesi ufungwe, usimame wima. Friji likilazwa njiani, kule lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na likilala usiku kucha bila kuwashwa ni bora zaidi. Na yale mabaki yaliyo uvunguni, redio iliyokufa, viti vya miguu mitatu, gaweni huku. Mnalipia gari kubeba takataka?

Begi moja msiliruhusu kupanda juu ya gari. Likae miguuni kwa mama, mbele. Ndani yake: vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, karatasi za kiwanja, dawa za bibi, chaja, nyundo na bisibisi, taa ya kuchaji, sabuni, sufuria moja, kiberiti, unga na dagaa. Chandarua nacho. Usiku wa kwanza hamtafungua maboksi, hata mkijiapiza.

Watoto wa shule waanziwe na shule ya kule: mwalimu mkuu akubali kwanza kwamba nafasi ipo, ndipo mshughulikie uhamisho huku. Wengi wanaanza kinyume na mtoto anakaa nyumbani wiki nzima akichunga matofali. Siku ya kuhama yenyewe wadogo waacheni kwa shangazi au kwa jirani mnayemwamini. Kuku wahamisheni jioni, ndani ya tenga, na kule wafungieni siku kadhaa wazoee banda.

Madeni, wanangu. Mlipeni Mangi. Mlipeni yule mama wa vitumbua mliyemwandikisha daftarini. Bili ya maji mliyokuwa mnachangia na wapangaji wenzenu, mmalizane nayo mbele yao, kila mtu aone. Kwenye kikundi cha kufa na kuzikana msijitoe leo. Endeleeni kuchangia kwa simu mpaka mpate kingine kule, kwa sababu kule wiki za mwanzo hamna mtu, na msiba hausubiri mzoee mtaa. Mje kuaga nyumba kwa nyumba, mchana, kabla gari halijafika. Watu wanaficha kuhama wakiogopa husuda. Matokeo yake wanasingiziwa wizi.

Kule mkifika, mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wajue majina yenu wiki hiyohiyo, msingoje mpaka mhitaji barua ya dhamana au ya kufungua akaunti. Baba asiende peke yake. Mama aende, aonekane, kwa sababu ndiye atakayekuwepo mchana siku kitu kikitokea. Majirani wa pande zote mkawasalimie mikono mitupu, inatosha. Mipaka ya kiwanja iulizeni hapo hapo mkiwa bado mnacheka.

Na chumba mnachokiacha, kama mwenye nyumba hajapata mtu, nong'onezeni kwangu kwanza kabla ya dalali. Nina mpwa wangu anaoa mwezi ujao na hana pa kumweka mke.

Ni mimi mama yenu,
Mjumbe, Temeke