Ukuta wa Sebuleni

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Najua nadaiwa barua mbili, na udhuru sina isipokuwa ile nyumba ya shamba uliyonikataza kuinunua kabla sijazigonga kuta zake zote. Tumeinunua, na ukuta wa sebuleni sikuugonga.

Nimeugonga juzi. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno ulitoa mlio wa debe tupu, na nilipoingiza ncha ya patasi likabanduka bamba zima la lipu ya saruji, likaacha wazi chokaa ya zamani iliyolowa kiasi kwamba niliifinya kwa vidole kama udongo wa mfinyanzi. Yaelekea aliyetutangulia kila alipouona unyevu aliuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, nao unyevu, ukikosa pa kutokea, ukazidi kupanda. Nilipotoka nje nikakuta udongo wa bustani umeupita usawa wa sakafu kwa shubiri nzima, na mfereji wa paa uliotoboka unamwaga maji papo hapo. Udongo tumekwisha kuuondoa, na mfereji umezibwa.

Fundi tuliyempata anataka kupiga saruji nyingine juu ya ile ile. Aliponiambia kuwa chokaa ni mambo ya kizamani, nilimjibu kwamba nyumba nayo ni ya kizamani. Akacheka, kisha akarudia maneno yale yale. Simlaumu sana, kwani chokaa hupakwa tabaka moja jembamba baada ya jingine, na kila tabaka lazima linyunyiziwe maji lisipasuke, kwa kuwa hukomaa polepole kwa kufyonza hewa ya kaboni. Tena ukuta wenyewe lazima ukauke kwanza. Waashi hukisia milimita 25 za unene kwa mwezi, na wetu una milimita 500. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nimekataa kuifanya mbele ya shemeji yako.

Boriti mbili zimeliwa na mchwa, na nyaya za umeme zitabadilishwa zote, lakini hayo ni ya fedha tu na usingizi naupata. Kinachonikesha ni vumbi la ukuta huo. Nimekwangua rangi yake kwa wembe nikahesabu matabaka saba, na ya chini bila shaka yametuzidi umri mimi na wewe. Hata Marekani rangi yenye madini ya risasi haikupigwa marufuku majumbani hadi mwaka 1978, na sumu hiyo huuharibu hasa ubongo wa mtoto mdogo. Wiki iliyopita nilimkuta mwanetu mdogo ameshika kipande cha rangi ya kijani, anakitazama kama aliyeokota kito, mdomo tayari umefunguka. Msasa mkavu nimeupiga marufuku, na tutalowesha kila tunachokwangua. Lakini lipu ya saruji haibanduliwi bila nyundo, na nyundo haikosi vumbi. Shemeji yako anasema tutaufunga mlango kwa nailoni na vitambaa vilivyoloweshwa. Labda. Mimi namwona yule mtoto na kile kipande cha kijani.

Basi nitoe lililonifanya nishike kalamu: naomba mtupokelee watoto wote wawili kwa majuma mawili, hadi tubandue ukuta wote na kuisafisha nyumba kwa maji. Mama yao bado sijamwambia kwamba nimekuomba.

Je, mna nafasi? Mdogo bado huamka usiku. Shemeji atamvumilia, au nimwombe mwenyewe kwa barua yake? Yule mwashi aliyekujengea ukuta wa nyuma bado anashika chokaa, au alikwisha kuacha kazi kama alivyokuwa akitishia kila siku? Alichanganya chokaa na mchanga kwa kipimo gani, moja kwa tatu? Na wewe ulisubiri muda gani kabla ya kupaka tabaka la kwanza, au ulinidanganya uliposema ulisubiri?

Nijibu upesi, tafadhali. Pale bamba lilipobanduka pana shimo ambalo mdogo alikwisha kuligeuza gereji ya vigari vyake, na kwa sasa nimeliziba kwa meza ya kulia.

Wako daima,
Rafiki yako wa patasi