Kundi O si mpaji wa wote kwenye chembe sahani

Mhariri,

Matangazo ya kuomba damu yanayozunguka WhatsApp hurudia sentensi ileile: mgonjwa anahitaji chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia kuigandisha), mwenye kundi O yeyote aje. Kanuni hiyo ni ya chembe nyekundu. Kwa chembe sahani mambo hugeuka, kwa sababu huelea ndani ya plazima, yaani majimaji ya damu, na plazima ya mtu wa O ina kingamwili dhidi ya A na B.

Mfuko wa chembe sahani uliotengwa kutoka chupa moja ya damu huwa na mililita 50 hadi 70, nyingi zikiwa plazima. Uliokusanywa kwa mashine, 200 hadi 300. Mtu mzima huvumilia. Mtoto wa kundi A mwenye kilo 12 ana damu isiyozidi lita moja mwilini, hivyo plazima ya O yenye kingamwili kali inaweza kuvunja chembe zake nyekundu: mkojo unakuwa mweusi kama chai kavu, macho yanageuka manjano, hemoglobini inashuka. Maabara isiyopima ukali wa kingamwili hizo itafute chembe sahani za kundi la mtoto mwenyewe, au ipunguze plazima kabla ya kumwekea.

Kinyume chake, chembe sahani zenyewe hubeba antijeni A na B, yaani alama za kundi la damu. Mgonjwa wa O akipewa za A, baadhi huharibiwa na hesabu ya chembe sahani zake hupanda kidogo tu. Ni hasara, ila kwa kawaida haidhuru.

Antijeni D ya Rh, ile inayofanya kundi liitwe chanya au hasi, haimo kwenye chembe sahani. Shida ni mabaki ya chembe nyekundu mfukoni. Msichana au mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye Rh hasi akipewa za Rh chanya, achomwe anti-D (dawa inayozuia mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya D) yuniti 250 ndani ya saa 72, chini ya ngozi. Sindano ya msuli inaweza kumvujisha damu ndani kwa ndani, kwa kuwa chembe sahani zake ni chache.

Hesabu ipimwe upya ndani ya saa moja baada ya mfuko kwisha (hatua hii hurukwa mno). Isipopanda mara mbili mfululizo, ilhali kundi linaoana na mifuko ni mipya, shuku kingamwili dhidi ya HLA (alama za utambulisho zilizo kwenye seli za mwili), hasa kwa mama aliyebeba mimba kadhaa. Kumwongezea mifuko ya kawaida hakutasaidia. Anahitaji mchangiaji anayeoana naye kwa HLA. Ikipanda kisha ikaporomoka kesho yake, angalia kwanza maambukizi, wengu na dawa.

Na ndugu wasije wote siku moja. Chembe sahani kwa kawaida hukaa siku 5 tu, kwa nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote, barafu huziharibu. Dozi ya mtu mzima ni mifuko midogo 4 hadi 6. Tangazo litaje kundi la mgonjwa, waje kwa zamu, na aliyemeza aspirini siku za karibuni aseme kabla ya kutolewa damu.

Mtaalamu wa maabara ya damu,
Dar es Salaam