Mashine za fizio zipimwe kwa nyama bandia, siyo kwa taa kuwaka

Mhariri, naomba kanafasi maana hili limenikaa rohoni tangu mama yangu aumwe bega. Alikuwa anaenda fizio mara tatu kwa wiki, wanampaka jeli, wanamzungushia kile kichwa cha altrasaundi (mashine ya mawimbi ya sauti ya kupasha nyama joto kwa ndani) dakika tano, haya mama nenda, na yeye akirudi anasema mwanangu mbona sisikii hata vuguvugu. Kutosikia joto peke yake sio ushahidi, ila mimi ni fundi wa vifaa tiba, nikaomba nikiangalie (hospitali siitaji), nikakidondoshea maji kidogo juu, maji tuli. Kichwa kimekufa, na skrini inaonyesha wati zake vizuri tu na kengele inalia muda ukiisha!

Na hata maji yangecheza, ungejua tu kinatetemeka. Joto linafika wapi na kiasi gani hujui bado. Kichwa cha megahezi 1, yaani mitetemo milioni moja kwa sekunde, mawimbi yake yanashuka sentimita kadhaa, cha 3 kinaishia juu juu, na ukizidisha nguvu au ukikituliza sehemu moja unaweza kumuunguza mtu karibu na mfupa.

Ndo maana kuna nyama bandia ya kupimia, na jamani msiichanganye na ile jeli ya kupaka, hii ni donge la agari, ile ile chaina grasi ya kupikia faluda. Agari kama asilimia 3, glisarini kama 11 ili sauti ikimbie mita 1,540 kwa sekunde kama kwenye mwili wa mtu, inayobaki karibu yote maji, halafu unga laini wa madini maana bila unga mawimbi yanapita tu na joto halipandi la maana. Unachomeka nyaya za kupimia joto kina tofauti tofauti, unawasha, unasoma. Jelatini kwa joto la Dar msijisumbue, italegea kabla hujawasha mashine, wakati agari ikishaganda haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 85.

Mwenzangu mmoja akaniambia si tutumie steki tu, nikamuuliza steki ya leo ndo ya kesho? Mara mafuta, mara mapovu ya hewa, utalinganisha nini. Agari nayo ina kasoro, haina damu ya kuondoa joto kwa hiyo inapanda kuliko mtu, lakini kujua kama mashine ya mwezi huu bado ni ile ya mwezi jana inatosha kabisa. Kupima wati zenyewe kuna mizani yake maalum, hiyo wizara itununulie.

Wakuu wa hospitali, kabla hamjamlipisha mgonjwa muulizeni fundi wenu mara ya mwisho alipima lini. Donge langu liko kwenye friji nyumbani, nimeliandika USILE maana watoto walishalichota kijiko.

Fundi vifaa tiba,
Temeke