Akina mama wa visiwani wana mwamko, mafunzo ndiyo hayawafuati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba akina mama wa visiwani hawana mwamko, eti kwa sababu mafunzo ya ujasiriamali yakiitishwa wanajitokeza wachache, na hao wachache nao wanatoweka kabla ya kufunga. Mimi ni fundi wa kutia rangi vitambaa, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza. Mwaka huu nilisafiri kwenda Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria wilayani Ukerewe, kusalimia wakwe, na nikiwa kule akina mama waliniomba niwafundishe. Niliyoyaona hayafanani na aliyoyaandika.

Kwanza ni suala la tarehe. Mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, kazi ya dagaa inafuata mwezi ulioko angani, haifuati kalenda ya ofisini. Wakati wa giza taa za mitumbwi zinawavuta dagaa. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa hazina nguvu tena, mitumbwi inapandishwa mchangani na wavuvi wanapumzika. Siku za giza mama anayenunua dagaa wabichi yuko ufukweni tangu alfajiri: anaanika, anageuza, anafukuza ndege, anatazama mawingu. Mvua ikimkuta hayupo, mtaji wake umeoza. Mama huyo ukimwitia semina saa tatu asubuhi, hawezi kuja, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Sisi tulikutana mbalamwezi. Walijaa mpaka ikabidi tutoke barazani tukae chini ya mwembe, na waliokuwa na watoto wachanga walikuja nao.

Halafu mahali. Semina nyingi zinafanyika Nansio, makao makuu ya wilaya kwenye kisiwa kikubwa cha Ukerewe. Kwa mama wa Bwisya, kule Ukara, maana yake ni kuvuka maji hadi Bugolora, kisha kutafuta usafiri wa barabarani, na jioni kurudi njia ileile. Ni kwenye njia hiyo kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Kimeshaletwa kivuko kikubwa zaidi, lakini karibu kila nyumba niliyoingia ina mtu iliyempoteza. Si haki kumwita mtu huyo mvivu kwa kuwa hakuvuka maji akafundishwe kutengeneza batiki.

Na hiyo batiki yenyewe ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Dada mmoja alinitolea chini ya kitanda makopo ya rangi ya unga aliyopewa kwenye mafunzo ya miaka ya nyuma. Rangi ilikuwa imeganda. Dawa za kuchanganyia rangi hiyo nazo hazikuwepo: kostiki soda ilikwisha, haidrosulfaiti ilipigwa na unyevu ikafa nguvu, na kuvipata tena ni mpaka aje Mwanza. Alifundishwa vizuri, hatua zote anazikumbuka kwa mpangilio. Alichokosa ni duka la kununulia, na bila dawa zile elimu yake haina pa kushika.

Kwa hiyo tulianza na vitu vilivyokuwepo. Maganda ya vitunguu tuliyaomba kwa mama lishe na wauza mboga, ambao walikuwa wakiyatupa. Majani ya mwembe na mpera yapo kila kaya. Misumari yenye kutu tulipewa na mafundi wa mitumbwi, iliyong'olewa kwenye mbao za zamani. Tuliitia kwenye chupa ya siki na maji, na mie nilikuwa nimebeba chupa nyingine iliyokwisha iva, kwa sababu maji ya kutu yanahitaji wiki nzima au zaidi. Kitu cha dukani kilikuwa kimoja tu, shabu, hii hii ya kusafishia maji na kupaka kwapani.

Pamba ni ngumu kushika rangi ya mimea, na hapa ndipo wengi wanakosea wakaona rangi za asili hazifai. Kwanza kitambaa kinachemshwa kwa sabuni na magadi kidogo ili wanga na mafuta ya kiwandani yatoke; tulitumia marekani, kitambaa cha pamba ambacho hakijapaushwa. Kisha kinalala usiku kucha kwenye maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa, kwa sababu majani hayo yana tanini, na tanini ndiyo inayoipa shabu mahali pa kushika kwenye uzi wa pamba. Kesho yake ndipo shabu, gramu 100 hadi 150 kwa kila kilo moja ya kitambaa kikavu. Baada ya hapo maganda ya vitunguu yanatoa dhahabu iliyokolea. Chovya kitambaa kilichopita kwenye majani ya mpera ndani ya maji ya kutu, kinageuka kijivu hadi karibu na weusi mbele ya macho yako. Akina mama walipiga vigelegele. Niliwaonya kwamba kutu ikizidi inakula uzi, vijiko vichache vinatosha.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni alisema, "Mwanangu, hili si geni. Nikiwa binti mdogo babu alikuwa akichemsha magome, anatia nyavu za nyuzi zisioze. Nailoni ilipokuja tukaacha." Bibi yule ndiye aliyekuwa mwalimu kwa saa nzima iliyofuata, nami nikaandika.

Magome hatukuyagusa lakini. Ukara kila mti una mwenyewe, na mti uliozungushiwa kisu unakufa. Tulichuma majani ya matawi yaliyokuwa yanapunguzwa. Kuni nazo ni shida kubwa kisiwani, kwa hiyo chungu cha moto kilikuwa kimoja, na vitambaa vingine tuliviweka na maganda ndani ya ndoo nyeusi zenye mfuniko juu ya majabali, jua likafanya kazi. Inachukua siku kadhaa badala ya saa moja. Rangi inashika vizuri.

Manjano ya jikoni niliwaonyesha, kisha nikawakataza kuyatia kwenye kitambaa cha kuuza. Yanapendeza siku ya kwanza, ila jua la wiki chache linayafuta, na mteja aliyedanganywa mara moja harudi. Mwalimu anayeficha jambo hili anawaharibia soko watu ambao soko lao ni dogo tayari.

Maji yaliyobaki tuliyapeleka mbali na ufuko, kwenye migomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, na watu wa pale wanachota maji ya kunywa kwenye ziwa hilohilo. Katika semina ngapi za batiki wakufunzi wamewaambia washiriki pa kumwaga maji ya kostiki? Ningependa maofisa wanaoziandaa walijibu swali hili humu gazetini.

Baada ya hapo wale akina mama wameunda kikundi na wanataka kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wana vilemba na foronya za mfano, na wameanza kukusanya maganda kwa zamu. Ombi langu kwa maofisa maendeleo ya jamii wa visiwa vyote, kuanzia Ukerewe hadi vile vidogo vya upande wa Muleba, ni hili: kabla ya kupanga tarehe ya mafunzo, wapigieni simu viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi ufukweni, wa mwalo husika muwaulize mbalamwezi inaanza lini. Nendeni ninyi kisiwani. Bebeni shabu, mizani ndogo na sufuria za alumini ambazo hazitarudi kupikia ugali. Vingine mtavikuta.

Fundi rangi,
Kirumba, Mwanza