Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Aliyeumia kifua asirudishwe nyumbani bila kuangaliwa tena

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: DAMU INAYOJIFICHA KIFUANI BAADA YA AJALI

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanaume, katika mmoja wa mikoa inayopitiwa na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu pia madereva, mautingo na ndugu wanaouguza, nao wana haki ya kulijua.

Yupo mgonjwa tunayempokea tena na tena, na kila mara amechelewa. Ni kijana wa bodaboda aliyegongwa ubavuni, au utingo aliyebanwa na mzigo lori lilipopinduka. Siku ya ajali alifika kituo cha afya akitembea mwenyewe. Akapimwa presha, ikawa nzuri. Akaambiwa ni mbavu tu, akapewa diklofenaki, akaenda zake. Siku chache baadaye kifua kinabana na hawezi tena kulala chali. Nyumbani wanasema ni kichomi, wanamchua kwa mafuta, wanamnunulia vidonge duka la dawa. Anapofika kwetu, pafu la upande mmoja limeshasinyaa kwa kubanwa na damu.

Pafu limezungukwa na utando wa tabaka mbili, na katikati ya tabaka hizo huwa na maji kidogo sana ya kulainisha. Ubavu ukivunjika, mshipa unaopita chini yake unaweza kukatika, damu ikamwagikia humo polepole. Nafasi hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: upande mmoja wa kifua cha mtu mzima unaweza kubeba lita tatu, na mwili mzima una takriban lita tano tu. Tena damu hiyo si lazima ionekane siku ileile. Inaweza kujitokeza siku ya tatu, ya tano, hata wiki ya pili. Ndiyo maana presha nzuri na picha safi ya siku ya kwanza havitoshi kumfungia mtu faili.

Naomba nikae kidogo kwenye hiyo picha, maana hapo ndipo wengi wanapotuponyoka. Eksirei ya mgonjwa aliyesimama au kuketi huanza kuonyesha damu ikifikia mililita 200 hadi 300. Akipigwa picha amelala chali, damu hutandaa mgongoni, na hata ikikaribia lita moja unaweza kuona ukungu tu upande mmoja, ukungu ambao jicho lililokesha zamu ya usiku huupita kirahisi. Majeruhi wetu wengi hupigwa picha wakiwa wamelala. Utrasaundi huona kiasi kidogo zaidi, tena palepale kitandani, kwa dakika chache. Lakini nimeona mashine hiyo ikifungiwa kliniki ya wajawazito, na mwenye ufunguo ameshaondoka saa tisa na nusu alasiri. Mheshimiwa, mashine inayomtazama mtoto tumboni inaweza kuitazama damu kifuani. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa na mlango ulio wazi.

Lipo na kosa jingine. Kwa kuwa kifua kikuu ni kingi nchini, maji yakionekana pembeni ya pafu wazo la kwanza huwa TB. Mtu anaweza kuandikiwa dawa za miezi sita bila kuulizwa kama mwezi uliopita alianguka na pikipiki. Sindano moja ya kuvuta maji kidogo ingeonyesha kama ni damu, usaha, maji ya manjano, au, kwa nadra, majimaji meupe ya mafuta kutoka mrija mkuu wa limfu uliokatika. Na maabara ikikuta chembe nyekundu katika maji hayo zinafikia nusu ya kiwango cha damu ya mishipani, hiyo ni damu iliyovuja, na itibiwe hivyo.

Tiba yenyewe kwa walio wengi ni mpira wa kifua. Anapigwa ganzi, mpira unapitishwa kati ya mbavu, nafasi ya nne au ya tano, mbele kidogo ya katikati ya kwapa, ukipita juu ya ubavu ili usikate mishipa iliyo chini yake. Unaungwa kwenye chupa, ncha ya bomba ikizama sentimita mbili majini, ili damu na hewa vitoke visirudi. Anayetoa lita moja na nusu mara mpira unapoingia, au mililita 200 kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, huyo anahitaji kufunguliwa kifua, na safari ya Mbeya, Bugando, KCMC au Muhimbili isisubiri asubuhi. Wengine wote wangeweza kupona karibu na kwao.

Wakichelewa, damu huganda, mpira hauitoi tena. Inageuka usaha au gamba gumu linalolibana pafu, na kazi ya tabibu inakuwa kazi ya bingwa wa upasuaji wa kifua, ambao nchini hawatoshi. Nimeuguza wanaume wenye miaka ishirini na kitu wasioweza tena kubeba gunia.

Katika mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, sehemu ilijenga majengo ya huduma za dharura na kununua mashine za eksirei. Tunashukuru kwa dhati. Sasa ndani ya majengo hayo tunaomba mipira na chupa zake kutoka Bohari ya Dawa, zisikauke, ili ndugu wasitumwe kuzunguka famasi usiku huku mgonjwa anatweta. Tunaomba matabibu na wauguzi wafundishwe kwa mikono, pamoja na wanaosindikiza rufaa. Nimepokea mgonjwa aliyesafirishwa chupa ikiwa juu ya machela, maji yanamrudia kifuani. Nimepokea mwingine aliyebaniwa mpira njia nzima huku pafu lake likivuja hewa, kosa linaloweza kuua kabla ya kilomita ya kumi. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nayo ifuate matibabu, isiyatangulie.

Kwa upande wa usafiri, mpango wa m-mama umetuonyesha kwamba namba moja, 115, inaweza kumpatia mjamzito gari usiku. Majeruhi wa barabarani naye afikiriwe mpango kama huo.

Ombi langu la haraka halihitaji bajeti mpya. Toa waraka wa ukurasa mmoja pamoja na TAMISEMI, kwa kuwa zahanati na vituo vya afya viko chini yao: kila aliyeumia kifua apigwe picha akiwa ameketi ikiwa hali na shingo yake vinaruhusu, arudi kuangaliwa tena baada ya siku mbili na baada ya wiki moja, na aondoke na karatasi ya Kiswahili inayomwambia arudi upesi, hata usiku, akianza kuhema, kupata homa au kushindwa kulala chali.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi, wodi ya upasuaji ya wanaume