Shukrani kwa fundi wa Majengo

Mdogo wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Nilikuletea kompyuta ya shule iliyogoma kuwaka, pale kibandani kwako karibu na soko la Majengo, Dodoma mjini. Uliponiuliza nafundisha nini, nikakujibu: Sayansi, Darasa la Tano, kijijini Kongwa, mtandao wa kubahatisha. Ukaniwekea programu za PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, za Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Ni za bure, na ukishazipakua hazili bando. Kwa kazi hiyo hukunitoza hata senti.

Miaka yote nimechora saketi ubaoni, watoto wakanakili kimya. Jumatatu ile binti mmoja ambaye hanyooshi mkono kamwe alishika kipanya, akaunganisha betri, waya na balbu. Vidoti vya bluu, ndizo elektroni, vikaanza kutembea ndani ya waya, balbu ikawaka. Akafungua swichi. "Mwalimu, mbona vimesimama vyote kwa pamoja, hata vya mbali?" Swali hilo sijawahi kuulizwa nikiwa na chaki mkononi. Mwenzake akaunganisha waya toka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu, moto ukalipuka kwenye kioo cha kompyuta, darasa zima likapiga yowe. Afadhali wameuona hapo kwanza.

Asante sana, mdogo wangu. Mavuno yakitoka nakuja Majengo na karanga zako.