Barua ya malalamiko: mnanitaka kitambulisho leo, miaka miwili yote mlikuwa wapi?

Kwenu kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya kubeti, na bosi yeyote itakayemfikia,

Salamu. Hii ni mara ya nne nawatafuta, zile tatu za mwanzo nilichati na msaidizi wenu wa kwenye app ambaye kila nikiuliza hela yangu anajibu "samahani kwa usumbufu", mpaka nikashtuka kumbe naongea na roboti, ndo maana leo naandika barua kabisa na naomba isomwe na binadamu.

Mkeka wangu wa mechi saba ulitiki Jumamosi usiku, nikaomba kutoa hela usiku uleule. Mkaandika "inashughulikiwa". Siku ya tatu mkataka kitambulisho, nikatuma. Mkataka picha nimekishika, nikapiga. Mkasema kona moja imekatika, nikatoka nje juani nikapiga upya, mkakaa kimya siku mbili halafu mkaja na la uthibitisho wa makazi. Jamani mimi niko na nyie miaka miwili, naweka hela karibu kila wiki, hakuna hata siku moja mliyotaka kujua mimi ni nani. Kuingiza ni sekunde tu, ila kutoa ndo mnakumbuka kuna watoto wa chini ya miaka 18 na kuna utakatishaji wa fedha. Sasa ningekuwa mtoto si mngeshanila miaka miwili yote?

Na lililoniuma zaidi ni kile kitufe cha kijani. Pembeni ya neno "inashughulikiwa" mmeweka kitufe kikubwa kimeandikwa "rudisha ucheze", kinang'aa kuliko kitu chochote kwenye ukurasa. Siku ya sita, saa nane usiku, sina usingizi, nikakibonyeza. Nikarudisha robo ya ushindi na ikaisha kabla ya alfajiri. Najua kidole ni changu, sikatai, lakini nyie mnajua vizuri kwa nini kitufe hicho kiko hapo na kwa nini hela inakaa siku tisa.

Mtaniambia mna leseni. Nimeiona, chini kabisa ya app, nembo na namba. Nikabonyeza nembo haiendi popote, ni picha tu. Nikachukua ile namba nikaenda kuitafuta kwenye orodha ya mdhibiti, yaani wale wanaotoa leseni za kubeti, nikakuta jina la kampuni nyingine kabisa na anwani ya tovuti yenu haimo. Labda ni kampuni mama, labda hamjasasisha, mimi sijui, nyie ndo mnatakiwa mnieleze kwa sababu hela yangu mmeipokea kwa jina hilohilo la leseni.

Na msiniambie nataka makubwa. Uingereza, tume yao ya kamari iliyotokana na sheria ya 2005 imeshaamua haya yote. Tangu Mei 2019 kampuni ya mtandaoni lazima ihakikishe jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa ya mteja kabla hajacheza hata mara moja, na hairuhusiwi kungoja mtu anaomba kutoa ndo iibue nyaraka ambazo ingeweza kuziomba mapema. Mchezo wa kurudisha hela iliyokwisha kuombwa kutolewa nao ulipigwa marufuku 2021. Leseni yenyewe sio ya kampuni peke yake, hata mabosi wa nafasi nyeti wanatakiwa wawe na za kwao binafsi. Na faini zipo, Machi 2023 kampuni za kundi la William Hill zilitozwa jumla ya pauni milioni 19.2, mojawapo ya makosa ni kumwacha mteja mpya afungue akaunti na kutumia pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila kukaguliwa. Yaani huko kosa ni kutomuuliza mtu anapoingiza, nyie mmegeuza, mnauliza anapotoa.

Sasa ninachotaka. Nilipeni kiasi kilichobaki chote, nyaraka zote mnazo. Mnipe maelezo kwa maandishi kwa nini siku tisa, na ile robo niliyorudisha usiku mseme mnaichukuliaje. Mnitajie leseni iliyo hai ni ya nani na tovuti yenu imeandikwa wapi. Hela za wateja mnazitunza akaunti tofauti au zimechanganywa na za mishahara na matangazo, hilo nalo mlijibu, maana mkifilisika kesho sisi tunasimama foleni gani. Na mnifungie akaunti miezi sita kuanzia hela itakapoingia, sio kabla, msije mkafunga hela ikiwa ndani.

Natambua mdhibiti hawezi kunilipa ushindi wangu, kazi yake ni kuangalia kama mnastahili kuendelea na leseni, kwa hiyo nikimpelekea nampelekea picha za skrini, tarehe, na hicho kitufe. Nawapa siku saba mnijibu, na jibu liwe na jina la aliyeliandika.

Halafu leo asubuhi mmenitumia meseji ya bonasi, "tumekumiss, weka upate mara mbili". Hela yangu iko kwenu, mnanimiss vipi? Iwe ya mwisho.

Mteja wenu, namba ya akaunti mnayo.